Mamlaka ya Mmiliki na Mamlaka ya Mwalimu: Tahakiki ya Uongozi wa Vyuo Vikuu vya Kanisa Kilimanjaro

Sheria ya Vyuo Vikuu Namba 7 ya mwaka 2005 imekwisha kusomwa na wanasheria, wahasibu na makatibu wa vyuo. Wachungaji hawajaisoma sana, ingawa katika nchi yetu makanisa ni miongoni mwa wamiliki wakubwa wa vyuo vikuu, na maaskofu na wachungaji wengi huketi katika mabaraza na bodi za vyuo hivyo. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sheria hiyo, pamoja na desturi iliyojengeka juu yake, kwa macho ya mtu wa Kanisa. Mahali tutakapopatazama hasa ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Hapo ndipo yalipowekwa makao makuu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, kilichoanzishwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania katikati ya miaka ya 1990, na hapo ndipo chuo cha tiba cha KCMC kilipofungua milango yake mwaka 1997.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaitaja mapema ili msomaji aipime njiani. Husemwa mara nyingi kwamba vyuo vya Kanisa vinaumwa kwa kuwa na vyombo vingi mno vya uongozi. Sisi tunaona kinyume chake. Vyombo si vingi. Watu ndio wachache, nao wanazunguka kutoka chombo kimoja hadi kingine wakiwa na neno lile lile, hata mgawanyo uliowekwa na sheria unabaki kwenye karatasi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Sheria inataka kila chuo kikuu kiwe na Baraza, ambalo ndilo chombo kikuu cha utawala, na Seneti, ambayo imekabidhiwa mambo ya taaluma: mitaala, mitihani na utoaji wa shahada. Juu kabisa yuko Mkuu wa Chuo, ambaye heshima yake ni kubwa na kazi zake za kila siku ni chache. Chini yake yuko Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye heshima yake hupungua kila mshahara unapochelewa, na ambaye ndiye mtendaji hasa. Nje ya chuo iko Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanza kazi mwaka 2005 kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati lililotangulia. Huu ni mpango mzuri. Anayeshika fedha hapangi alama za mtihani, na anayepanga alama za mtihani hauzi kiwanja cha chuo.

Lakini iko nafsi moja ambayo mpango huu unaigusa kwa ncha ya kidole tu, nayo ni mmiliki. Kwa vyuo vya umma swali hilo halisumbui sana, kwa kuwa mmiliki ni Serikali, na Rais ndiye anayemteua Mkuu wa Chuo. Kwa vyuo visivyo vya umma mengi yameachiwa Hati Idhini ya kila chuo. Hapo ndipo Kanisa linapoingia likiwa na sura nyingi. Tuchukue mfano usio wa chuo chochote kwa jina. Askofu ni mwenyekiti wa Halmashauri Kuu ya dayosisi inayomiliki chuo. Yeye huyo ni Mkuu wa Chuo, au mwenyekiti wa Baraza. Katibu Mkuu wa dayosisi ni mjumbe wa Baraza, na pia ndiye anayeandika hundi ya ruzuku. Mwanasheria wa dayosisi ni mwanasheria wa chuo. Siku Baraza linapokutana kujadili ombi la fedha kutoka kwa mmiliki, mmiliki anajiandikia barua, anaipokea, na anajijibu. Hakuna aliyefanya dhambi hapo, na muhtasari utaandikwa vizuri. Ila kikao hakijafanyika.

Wazee wetu wa mlimani walilifahamu jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Mfongo, yaani mfereji unaotoa maji mtoni juu msituni na kuyashusha hadi vihambani, haukuwa mali ya kila mtu wala haukuwa mali ya mtu mmoja. Ulikuwa na mwanzilishi, yule aliyethubutu kwanza kuchimba, na ukoo wake ulibaki na heshima ya uzee wa mfongo kizazi hadi kizazi: ndio waliotangulia katika sadaka, na kwa kawaida mwenyekiti alitoka kwao. Lakini mfongo mrefu hauwezi kutunzwa na ukoo mmoja. Mafuriko ya masika hubomoa kingo, mizizi huziba njia, na kila anayetaka zamu ya maji sharti aje na jembe siku ya kuitwa. Asiyekuja hutozwa faini, na akiendelea kukaidi hukosa zamu. Kwa hiyo zamu zilipangwa na waliofanya kazi, katika kikao chao. Na mwanzilishi, pamoja na heshima yake yote, hakumpangia jirani apande mgomba au ulezi.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi mlimani tangu mwaka 1902 hadi 1938, aliandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga kilichotoka mwaka 1926, naye aliona katika ukoo, ujirani na rika misingi ambayo Kanisa lingeweza kujengwa juu yake. Amelaumiwa kwa kuyapamba mambo ya kale, na lawama hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo tunalichukua kwake jambo moja: kwamba mamlaka kadhaa zinaweza kuishi katika kijiji kimoja bila moja kuzimeza nyingine, endapo kila moja inajulikana kwa kazi yake. Kanisa lililojenga chuo ni ukoo wa mwanzilishi wa mfongo. Lina heshima isiyoondoka. Lakini walimu, wafanyakazi na wanafunzi ndio wanaokuja na jembe.

Sasa tuitazame historia ya Tumaini yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotufundisha zaidi. Chuo kikuu hicho kiliundwa kama muungano. Makumira, chuo cha theolojia kilichohamia Usa River kutoka Lwandai mwaka 1954, Iringa, na KCMC vilikuwa vyuo vishiriki, kila kimoja na mwenye nacho. Baadaye vikaongezeka vingine: Dar es Salaam, Sebastian Kolowa kule Lushoto, na hapa Moshi chuo cha kumbukumbu ya Stefano Moshi, kilichoanzishwa mwaka 2007 na kupewa jina la askofu aliyekuwa Mkuu wa kwanza wa KKKT Kanisa lilipoungana mwaka 1963. Makao makuu yakawa Moshi. Seneti moja ilitoa shahada kwa wote, na Baraza moja lilisimama juu ya bodi za vyuo.

Uzuri wa mpango huo ulikuwa dhahiri. Shahada ya Iringa na shahada ya Moshi zilipimwa kwa kipimo kimoja, na chuo kidogo kilipata kivuli cha kikubwa. Lakini fedha hazikupita Moshi. Ada zilipokelewa chuoni, wafadhili wa ng'ambo walikuwa na urafiki wa miaka mingi na dayosisi fulani au taasisi fulani, na majengo yalikuwa juu ya ardhi ya mwenye chuo. Baraza la juu likawa na mamlaka ya kisheria juu ya mambo ambayo halikuyalipia, na bodi za chini zikawa zinalipia mambo ambayo hazikuwa na neno la mwisho juu yake. Haikushangaza basi kwamba vyuo vilianza kuondoka kimoja kimoja: Sebastian Kolowa kikawa chuo kikuu mwaka 2012, Iringa mwaka 2013, na hatimaye chuo cha tiba cha Moshi nacho kimeshika njia hiyo, kikiitwa sasa Chuo Kikuu cha KCMC. Wako wanaolihesabu jambo hili kuwa ni kukomaa kwa watoto. Sisi tunaliona pia kuwa ni hukumu juu ya muundo. Muungano ulivunjika pale pale ulipoungwa, kati ya mwenye neno na mwenye mfuko, na hatari ni kwamba kila chuo kilichoondoka kimebeba ufa huo ndani ya begi lake.

KCMC yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu, maana hapo mgawanyo wa mamlaka si suala la heshima ya vikao; unamgusa mgonjwa kitandani. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1971 na Mwalimu Nyerere, na mwenye nayo ni Shirika la Msamaria Mwema. Ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na kwa hiyo Serikali ina sehemu kubwa katika kuitunza, ikiwamo mishahara ya watumishi wake wengi. Ndani ya ua huo huo kimekua chuo. Daktari bingwa anayepita wodini asubuhi akiwa na wanafunzi nyuma yake anawajibika kwa uongozi wa hospitali kuhusu mgonjwa, kwa Seneti kuhusu mwanafunzi, na kwa Baraza la Madaktari kuhusu mwenendo wa taaluma yake. Hatuoni ubaya wowote katika hilo. Ni mamlaka tatu kwa mambo matatu, na daktari mwenye akili timamu anajua saa ipi anajibu kwa nani.

Taabu huanza mahali pengine. Tufikiri kwamba Baraza la chuo cha namna hii, likiwa na deni, linaamua kuongeza idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa ada ndiyo chemchemi iliyo karibu. Uamuzi huo ni wa fedha, na Baraza lina haki nao. Lakini ni uamuzi wa taaluma pia, maana walimu ni wale wale. Hapo Seneti ina haki ya kusema. Tena ni uamuzi wa tiba, maana mgonjwa mmoja hawezi kupapaswa tumbo na wanafunzi ishirini kwa asubuhi moja. Hapo hospitali ina haki ya kusema. Vyombo vitatu vikikataliana kwa haki, chuo kitachelewa miezi sita na kitaamua vizuri. Vyombo vitatu vikiwa na wajumbe wale wale watano, kitaamua jioni moja, na gharama italipwa na yule asiyekuwa na mjumbe katika chombo chochote, yaani mgonjwa. Kwa hiyo tunapowasikia ndugu zetu wakilalamika kwamba vikao ni vingi na vinachelewesha maendeleo, tunawaomba waulize kwanza ni maendeleo ya nani.

Juu ya Tume ya Vyuo Vikuu tutasema machache. Kati ya mwaka 2010 na 2017 udahili wa wanafunzi ulipitishwa katika mfumo wa pamoja wa Tume; kisha waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Mwaka huo huo wa 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na vyuo vya makanisa vilikuwamo. Wengi katika Kanisa walilichukulia tendo hilo kama uonevu wa dola. Huenda palikuwa na haraka ndani yake. Lakini mkaguzi wa nje hupata nguvu pale wakaguzi wa ndani walipolala. Seneti iliyowahi kukataa kufungua programu kwa kukosa walimu haina sababu ya kuiogopa Tume; Seneti iliyopitisha kila kitu kwa sababu Baba Askofu alikwisha kuitangaza programu hiyo kwenye Mkutano Mkuu inayo kila sababu.

Wanatheolojia wetu walioandika juu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakusita kuona kosa lilipokuwa la wengine. Mwaka 1970, chuo hicho kilipojitenga na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mkuu wa Chuo alikuwa Rais wa nchi, ambaye pia alikuwa Rais wa TANU, na Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka katika kiti cha Katibu Mtendaji wa chama. Mwaka uliofuata, Julai 1971, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, kijana kutoka Kenya, aliondolewa chuoni kwa nguvu ya polisi baada ya kumwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi. Tunasema, na ni kweli, kwamba chama kilikuwa kimeketi katika viti vyote, na kwa hiyo barua ya mwanafunzi haikuwa na meza ya kutua. Ni lazima basi tuseme vivyo hivyo pale dayosisi inapoketi katika viti vyote. Nia njema haibadili hesabu ya viti. Na Mwalimu naye hakukosa nia njema.

Wala jambo hili si geni katika historia ya Kanisa. Huko Paris, mwanzoni mwa karne ya 13, aliyekuwa na cheo tunachokiita leo Mkuu wa Chuo alikuwa ofisa wa kanisa kuu la askofu, na ruhusa ya kufundisha ilitoka mkononi mwake peke yake. Walimu walipigana naye miaka mingi. Mwaka 1229, baada ya askari kuwaua wanafunzi katika ghasia za mjini, walimu waligoma na kutawanyika hadi miji mingine, na chuo kikafungwa kwa muda wa miaka miwili. Papa Gregorio wa 9 alipolimaliza shauri hilo mwaka 1231, alimbana Mkuu huyo kwa masharti na kuwapa walimu haki ya kujitungia kanuni za mihadhara na mijadala. Ndiyo kusema, cheo cha Mkuu wa Chuo kilikuja kuwa cha heshima zaidi kuliko nguvu kwa sababu Kanisa lenyewe liliona hatari ya kuwa mlinzi wa lango na mwenye ufunguo wa maktaba kwa pamoja. Askofu wa leo anayekikubali cheo hicho, kisha akataka kuitisha majina ya watakaohitimu kabla Seneti haijakaa, anarudi nyuma ya mwaka 1231.

Mtu atauliza: je, Kanisa lijenge chuo, liombe fedha usharikani, liuze mazao ya mavuno ili kulipa deni, halafu likae kimya? Hapana. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 mitume hawakukaa kimya. Waliitisha kusanyiko, wakataja sifa za watu wanaofaa, kusanyiko likachagua, nao wakaweka mikono. Jambo lisilosemwa mara nyingi katika mahubiri yetu ni kwamba baada ya hapo hawakurudi kugawa chakula. Mmiliki ana maneno yake makubwa: kuandika Hati Idhini, kuteua sehemu ya wajumbe wa Baraza kwa sifa zilizotajwa, kumweka mchungaji wa chuo, kupokea hesabu zilizokaguliwa, na kukataa ardhi ya Kanisa isiwekwe rehani. Hayo yote ayaseme mchana, kwa barua, kama mmiliki. Ndani ya Baraza wajumbe wake wawe wajumbe, wenye kusikiliza kabla ya kuamua. Na kofia mbili zikikutana katika kichwa kimoja, moja ivuliwe: anayeongoza dayosisi inayomiliki asiongoze Baraza la chuo hicho. Tunajua pendekezo hili halitafurahisha mahali pengine. Tunajua pia kwamba lingeipunguzia ofisi ya askofu lawama nyingi ambazo si zake.

Kwa vyuo vya theolojia liko fumbo moja zaidi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mwanafunzi wetu hutumwa na dayosisi, hufundishwa na chuo, hupewa shahada na Seneti, na hubarikiwa uchungaji na askofu. Mamlaka mbili hapa zimekaa vizuri kabisa kila moja mahali pake. Askofu anaweza kukataa kumbariki mwenye shahada ya juu kabisa, wala Seneti haina la kusema. Seneti inaweza kumfelisha mtoto wa askofu, wala dayosisi haina la kusema. Mpaka huu umetunzwa kwa sehemu kubwa, nasi tunashukuru. Ulio dhaifu ni mpaka wa pili, unaomhusu mhadhiri. Yeye mara nyingi ni mchungaji aliyeazimwa na dayosisi yake. Akiandika au kufundisha jambo lisilopendeza, dayosisi humwita nyumbani, anahamishiwa usharika wa mbali, na Seneti hupata habari kutoka kwa mtumishi anayefuta ubao. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsikiliza pia.

Martin Luther alipata udaktari wa theolojia huko Wittenberg mwezi Oktoba 1512, na baadaye, aliposhitakiwa kwamba anafundisha bila kutumwa, alitaja kiapo chake cha udaktari kuwa ndicho wito wake. Chuo hicho kilikuwa na mmiliki, Mteule Frederick wa Saksonia, aliyekianzisha mwaka 1502. Mmiliki huyo hakujifanya hakimu wa mafundisho ya mwalimu wake, wala hakumtoa kwa waliomtaka. Alichodai miaka yote ni kwamba asikilizwe kwanza, katika ardhi ya Ujerumani, na waamuzi wasio na upande. Sisi tunaojiita kwa jina la mwalimu huyo hatuna kanuni iliyoandikwa kwa uwazi inayompa mhadhiri wetu wa leo kile Frederick alichomdai Luther.

Kanuni hiyo yaweza kuandikwa bila kungoja sheria mpya ya nchi. Shauri la mafundisho ya mhadhiri lipelekwe kwa maandishi kwenye Seneti. Seneti iunde jopo la walimu wa theolojia, wengine wao kutoka chuo kingine, ambao hawako chini ya dayosisi inayolalamika. Askofu afike mbele ya jopo na kutoa hoja zake kama mlalamikaji, naye mhadhiri ajibu akiwa na vitabu vyake mezani. Jopo litoe taarifa, Seneti iamue, na ikiwa ajira yenyewe inaguswa, Baraza lithibitishe. Wakati wote huo dayosisi inabaki na haki kamili ya kumzuia asipande mimbarani katika sharika zake, ikiona dhamiri yake inaidai hivyo. Darasa lake na mshahara wake vibaki mahali vilipo hadi kikao cha mwisho kimalizike.